Shika Chuma Kwanza

Kidole changu cha pete, cha mkono wa kushoto, hakina kucha. Nikiwa kwenye foleni ya kupeleka maziwa hapa Molo, vijana huniuliza kilipatwa na nini, nami huwaambia kucha yangu ilibaki Riyadh kwa binti mmoja mwenye macho makubwa. Wanacheka, wanadhani mzee ameanza. Basi leo nawaandikia nyinyi mnaonijia na simu zenu kunionyesha kazi za huko, hasa nyinyi wawili watatu mlioambiwa mtachunga farasi, niwaeleze huyo binti alikuwa nani. Alikuwa farasi jike wa rangi ya kijivu, jina lake Lulwa, na alikuwa anauma.

Kazi yangu ilikuwa usaisi. Saisi ndiye anayemlisha farasi, anayempiga brashi, anayemtandika na kumtandua, na ndiye anayelaumiwa kwa kila kitu. Nilianza nikiwa kijana kwenye shamba moja huku kwetu, na msimamizi wangu wa kwanza alinifundisha jambo moja kuhusu farasi mwenye meno mepesi: akikugeukia, mzabe kofi la pua, tena upesi kabla hajasahau kosa lake. Nikawa hodari wa makofi hayo. Nilibeba ujuzi huo kwenye ndege nikaenda nao Saudia, najivunia kabisa. Nawaambia mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani.

Banda letu lilikuwa nje kidogo ya Riyadh, upande wa jangwani. Mwenye mali tulimwita Baba. Ndiye aliyekuwa kafili wangu, yaani ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, ilikuwa chini ya jina lake, na bila yeye nisingekuwa na ruhusa ya kukaa nchini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa neno moja. Akishasema, amesema. Binti yake Jawaher, mwanamke mzima na mwalimu, ndiye aliyemlea Lulwa kwa chupa ya maziwa baada ya mama yake farasi huyo kufa. Na mkubwa wetu pale bandani alikuwa mzee wa Kisudani, Ammi Idris, aliyekuwa na farasi tangu kabla mimi sijazaliwa.

Sasa huyo Lulwa. Ngozi yake ilikuwa nyepesi mno, nzi akitua mgongoni mwili mzima unatetemeka. Wakati wa joto alikuwa na nafuu. Tulikuwa tunamwogesha kila siku, na tukadhani jua limemchosha ndiyo maana ametulia. Lakini baridi ikiingia, na baridi ya Riyadh huwa kavu, midomo inapasuka hadi inatoa damu, Lulwa anageuka mtu mwingine. Nikiingia asubuhi kumvua blanketi, masikio yanalala nyuma. Nikichukua brashi, anapiga mkia. Nikimgusa tu, meno yamefika. Alinichania makoti, alinifinya mkono nikashindwa kushika kijiko, na kila akiuma mimi nampa kofi lake. Kofi halikumponya hata kidogo. Lilimfundisha kuuma upesi zaidi na kurudisha kichwa kabla mkono wangu haujafika.

Kilichonichoma moyo ni kwamba Ammi Idris hakuumwa hata siku moja. Anatoka kutawadha, mikono ya kanzu bado imekunjwa, anaingia kwa Lulwa, anampapasa shingo na kifua, na yule farasi anasinzia. Mimi natazama nikiwa nje ya mlango na jaketi langu lililochanika. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Ammi," nikamwambia, "huyu farasi anasoma ikama. Ameona pale palipoandikwa kwamba mimi si Muislamu."

Mzee alicheka mpaka akashika ukuta. "Ya Samweli, farasi hana habari na ikama yako. Ana habari na mkono wako."

Nikadhani ni maneno ya wazee tu. Kumbe jibu lenyewe lilikuwa limewekwa mbele yangu mchana kweupe, na mimi nikalipita.

Kuna jambo jingine alilonifundisha Ammi ambalo nalo nilichelewa kulishika. Alikuwa akinisimamisha nje ya mlango bila kunikubalia kuingia. "Tazama tu," anasema. "Kabla ya meno ameshazungumza. Tazama ngozi ya bega. Tazama pua inavyokunjamana. Tazama jicho." Nami nilikuwa natazama saa. Kucha yangu iliondoka asubuhi moja nilipokuwa na haraka, nikauvuta mshipi wa tumbo, ule unaoshikilia tandiko, kwa mvuto mmoja wa nguvu mpaka tundu la mwisho. Lulwa akageuka, nikainua mkono nimpe kofi, akanidaka kidole hewani. Nilipiga yowe lililosikika hadi barabarani. Ammi alinifunga kitambaa na hakunipa pole. Aliniuliza tu, "Ulimwambia kwanza kwamba unafunga?"

Baada ya hapo Baba akasema basi, atauzwa. Kulikuwa na mnunuzi Jeddah aliyetaka kumjaribu mwezi mzima kabla ya kuamua, na mimi nikapelekwa pamoja naye, kwa sababu hakuna saisi wa kule aliyetaka kumgusa. Jawaher alikuja kutuaga akasimama mbali, hakutaka tuone anavyolia.

Vijana, pale Jeddah nilipata fahari ya bure. Mji ule unatoa jasho tangu alfajiri, shati linanata mgongoni, nguo ulizoanika hazikauki. Na Lulwa, katikati ya jasho hilo, akawa mpole. Siku ya kwanza hakuuma. Ya pili hakuuma. Wiki ya pili nilikuwa nampiga brashi huku nikipiga mluzi. Ijumaa nikaenda mtaa wa Karantina kuwatembelea Wakenya wenzangu, tukala ugali uliopikwa kwa unga wa kubahatisha, nikawasimulia jinsi nilivyomnyoosha farasi aliyewashinda Waarabu. Mmoja wao, mlinzi wa ghala, akaniambia, "Wewe sasa ni profesa." Nikakubali.

Baba aliponipigia simu kuuliza hali, nikajibu nimetoa kifua: "Baba, halas. Ameacha kuuma. Nimemfundisha."

Akasema, "Kama ameacha, kwa nini nimuuze? Mrudishe nyumbani. Jawaher atafurahi."

Sikujiuliza kitu. Tukapakiwa kwenye gari la farasi, tukarudi Riyadh. Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya baridi kali, na Jawaher alifika mapema kabla hajaenda shuleni, amevaa sweta nene la sufi. Aliingia kwa Lulwa amefungua mikono miwili kama mtu anayempokea mtoto kutoka safari, akashika blanketi la nailoni alivue amwone vizuri. Lulwa akamuuma begani. Nilikuwa hatua tatu tu kutoka pale.

Mfupa haukuvunjika, na kwa sababu ya lile sweta hata damu haikuwa nyingi. Lakini alikaa chini kwenye majani makavu akalia. Mimi nikainua mkono kumpiga Lulwa, na Jawaher akapiga kelele, "Usimpige!" Halafu akanitazama, na bila hasira yoyote akasema, "Samweli, ulisema ameacha."

Nimetukanwa na watu wengi katika maisha yangu. Hakuna tusi lililoniingia kama hayo maneno.

Baba naye hakunifokea. Alisimama mlangoni akasema dalali atakuja Alhamisi ya wiki mbili zijazo na gari, na kwamba safari hii hakuna kurudi. Wote tulijua maana yake. Farasi mwenye sifa ya kuuma hupita kwa dalali huyu na yule, kila mmoja anamfunga cheni ya chuma mdomoni kali kuliko ya mwenzake, mpaka anaishia mahali ambapo hakuna anayejua jina lake. Niliomba niachiwe hizo wiki mbili nijaribu. Baba akasema, "Jaribu. Dalali atakuja tu."

Sasa sikilizeni jinsi mtu asiye na akili anavyosaidiwa. Ijumaa hiyo nilikwenda mtaa wa Malaz kwa rafiki yangu Wafula, dereva wa familia moja, tukanunue kadi za simu na kutembea kidogo. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya michezo, ile ya nailoni inayong'aa, niliyoipenda sana hadi bandani naivaa. Tunarudi kwenye gari mchana, nikanyoosha mkono kufungua mlango. Ta! Kidole kikapigwa, nikaruka nyuma nikakanyaga mtu.

Wafula akacheka mpaka machozi. "Mzee, hujui hii stima ya winter? Hushiki gari hivyo. Angalia." Akatoa ufunguo, akagusa mlango kwa ncha ya ufunguo kwanza, kisha akafungua kwa mkono. "Ni hizi nguo zako za nailoni na hii hewa kavu. Mimi nimezoea. Last year nilikuwa Jeddah, huko hakuna hii maneno, huko ni jasho tu."

Nikamwambia, "Rudia hapo."

"Rudia nini?"

"Hapo pa Jeddah."

Akarudia, akinitazama kama mtu ambaye jua limempiga. Nami nikasimama pale kando ya barabara, magari yanapita, nikiona mambo yote yakipangana: baridi na joto, Riyadh na Jeddah, mikono ya Ammi iliyotoka kwenye maji na mikono yangu mikavu, kanzu yake ya pamba na suti yangu ya kung'aa. Nikamwomba Wafula anirudishe bandani saa hiyo hiyo. Alilalamika njia nzima kuhusu chakula alichoacha.

Nilifika, nikaingia kwa Lulwa, nikashika ukingo wa blanketi lake la nailoni na kulivuta polepole, sikio langu karibu na mgongo wake. Ta-ta-ta-ta. Mlio mdogo, mkavu. Nywele za mgongo zikasimama zikilifuata blanketi. Nilikuwa nimeusikia mlio ule majira mawili ya baridi na nilidhani ni majani makavu chini ya miguu yangu. Sisi tuliokulia mahali penye ukungu na mvua hatujui kwamba hewa inaweza kukauka mpaka nguo itoe cheche. Ngozi ile isiyovumilia hata nzi ilikuwa ikichomwa kila asubuhi, na aliyeichoma alikuwa mimi, na alipolalamika nilimpiga kofi. Nililiacha blanketi, nikatoka nje, na nitawaambia ukweli kwa sababu sina la kuficha na umri huu: nililia.

Nilipomweleza Ammi Idris, aliitazama mikono yake, ilikuwa bado na maji ya udhu. "Wallahi hata mimi sikujua," akasema. "Nilidhani ananipenda."

"Anakupenda, Ammi."

"Inshallah," akasema, lakini niliona imemgusa.

Basi kazi ikaanza, na msidhani kujua sababu ndiyo kupona. Cheche niliziondoa siku moja. Lulwa alikuwa na miaka miwili ya kunijua kama mtu anayechoma na kupiga, na hilo halitoki siku moja. Nilikuwa na siku kumi na mbili. Niliamua kwamba huyu farasi haondoki kwa kosa langu.

Blanketi la nailoni nililitupa, nikashona mashuka mawili ya pamba. Brashi ya plastiki nikaitupa pia, nikachukua ya nywele za mnyama, nikawa naichovya kwenye ndoo na kuikung'uta ibaki na unyevu tu. Suti yangu ya michezo ikaenda kabatini. Kabla ya kuingia nashika chuma cha lango kwa mkono mzima, kisha nalowesha viganja. Kila mara, hata nikiwa nimetoka dakika moja iliyopita.

Halafu nikajifunza kugusa upya, mimi wa miaka hiyo yote. Nasimama kando ya bega, si mbele ya uso, kwa sababu mbele ya uso farasi hakuoni vizuri. Naweka kiganja begani, nahesabu moja, naondoa. Sikusubiri masikio yalale. Hapo ndipo penye kazi yote, vijana: niliondoa mkono kabla hajaniomba niuondoe. Siku ya tatu nikahesabu mpaka tano. Tende tulizokuwa tukimpa mkononi, kila mgeni anayekuja anampa, nikapiga marufuku, zikawa zinawekwa kwenye ndoo, maana farasi aliyezoea kutafuta kitu mkononi huanza kuuonja mkono wenyewe. Mshipi wa tumbo nikawa naufunga tundu moja, namtembeza, tundu la pili, namtembeza tena. Dakika kumi badala ya moja. Wenzangu waliniuliza kama namfungia bibi harusi.

Akigeuka na meno, na aligeuka, sikumpiga. Niliinua kiwiko tu kikatulia pale, akageuka akakigonga kwa shavu lake mwenyewe, akashangaa. Narudi nyuma hatua moja, najiuliza nimemkosea wapi, na kila mara jibu lilikuwepo. Siku ya saba alipiga meno hewani, hakunifikia. Siku ya tisa alilaza masikio kisha akayainua mwenyewe. Siku ya kumi na moja nilikuwa nampiga brashi tumboni, akashusha kichwa akavuta pumzi ndefu, nami nikasimama na brashi hewani nikiogopa kupumua.

Alhamisi ikafika, kavu na baridi kuliko siku zote. Dalali alikuja na gari akaegesha, akawa anakunywa chai na Baba. Jawaher alikuja pia lakini alibaki kwenye lango la nje, mkono mmoja juu ya bega lake. Baba akatembea kuja bandani amejifunika farwa, lile joho lao zito la baridi lenye manyoya ndani, linasugua kanzu kila hatua. Nililiangalia lile joho.

"Fungua," Baba akasema. "Nitamshika mimi mwenyewe. Akiuma, yalla, aende."

Nikasimama mbele ya mlango. Mjue nilichokuwa nafanya: nilikuwa namzuia kafili wangu, mbele ya mgeni wake, asiingie kwenye banda lake. Ammi Idris alikohoa kunionya. Sikusogea.

"Baba, nisamehe. Shika chuma kwanza."

"Nini?"

"Shika chuma cha lango. Kisha umshike Lulwa."

Uso wake ukabadilika. Nilidhani nimemaliza kazi yangu pale, na ndege ya kunirudisha Kenya nikaiona. Lakini labda kwa hasira tu, kunionyesha kwamba haogopi upuuzi wa saisi, akanyoosha kidole akagusa komeo. Ta! Mlio ulisikika hadi aliposimama dalali. Baba akaruka, akapiga ukelele, akakumbatia mkono wake kifuani.

Hakuna aliyecheka. Alikitazama kidole chake, kisha akamtazama Lulwa aliyekuwa amesimama ndani na shuka lake la pamba, kisha akanitazama mimi.

"Kul yom?" akauliza taratibu. Kila siku?

"Kul yom, Baba," nikasema. "Majira mawili ya baridi. Nami nilikuwa nampiga."

Akaivua ile farwa akampa Ammi Idris, akainama, akatumbukiza mikono yake kwenye ndoo ya maji baridi, akaingia na mikono inadondosha maji. Alisimama kando ya bega kama nilivyomwelekeza, akaweka kiganja. Sikio moja likaenda nyuma. Nikanong'ona, "Ondoa," naye akaondoa, kafili wangu, akanitii. Akaweka tena. Lulwa akageuza kichwa, akamnusa mkono wa kanzu kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, meno yamefungwa, akashusha kichwa.

Baba hakugeuka. Alisema kwa sauti ya kutosha kufika kwenye gari, "Halas. Mwambieni anywe chai yake aende." Na nilipotazama langoni, Jawaher alikuwa ameshaanza kuja, anakunja mikono ya nguo, anaitafuta ndoo.

Sitawadanganya kwamba Lulwa hakuuma tena. Aliniuma mara mbili mwaka uliofuata, mimi peke yangu, na mara zote mbili nilikuwa na haraka. Lakini alibaki nyumbani, na nilipopata karatasi zangu za kurudi Kenya nilimwacha akitandikwa na Jawaher mwenyewe, tundu moja, wanatembea, tundu la pili.

Siku hizi nina ng'ombe wawili. Kila asubuhi kabla ya kukama nashika kwanza chuma cha lango la boma, kisha nachovya mikono kwenye ndoo. Huku Molo mvua hainyamazi, hakuna cheche na hazitakuwepo. Mke wangu huniuliza nalisalimia lango la nini. Namwambia silisalimii lango. Kuna mtu nilimpiga makofi majira mawili ya baridi akinieleza ukweli, na tangu hapo sigusi kiumbe bila kumwomba msamaha kwanza.